Shajara ya kizimba cha kaboni: nataka kufungia metani moja tu

Wiki ya 1, Jumamosi jioni

Naanza kuandika hapa juu nimechoka na vikaratasi, kila siku kimoja kinapotea. Wazo la huu mradi lilitokea Kituku, pembeni ya Ziwa Kivu. Nilikuwa nimeshuka na mtoto wa kaka yangu kuchota maji na bidoni, ilikuwa siku ya tatu nyumbani bila maji, na yeye kijana wa miaka kumi na mbili akaniuliza kama ni kweli huko chini ya ziwa kuna gaz yenye inaweza kuwaka. Nikamwambia kweli kabisa, mu Ziwa Kivu kuna kama kilomita za ujazo 60 za metani na kama 300 za kaboni dayoksidi, zimeyeyuka mu maji ya chini, na ziwa linaenda chini mpaka mita 485, kwa hiyo uzito wa maji yote ya juu njo unazishikilia pale. Hakuna ukuta, hakuna kifuniko, ni presha tu. Akaangalia maji, akanyamaza, akasema: "Shangazi, sasa kama mtu anataka kushika moja tu, kamoja tu, atakaweka mu nini?"

Molekuli moja ya metani. Nimefundisha kemia miaka tisa na hakuna mwanafunzi amewahi kuniuliza hivyo. Na jibu lipo.

Wiki ya 1, Jumapili

Jibu ni kizimba cha kaboni, C60. Atomu 60 za kaboni zimeshikana zikafanya mpira wenye uwazi ndani, vipande 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, sawasawa na mpira wa zamani mweusi na mweupe, ule wa wakati Zaire ilienda Kombe la Dunia Ujerumani 1974. Uligunduliwa 1985 kwenye chuo kikuu cha Rice, Houston, na Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley pamoja na wanafunzi wao, na mwaka 1996 wale watatu wakapata Nobel ya kemia.

Kitu napenda ni kwamba swali la kuweka kitu ndani lilikuja karibu siku ileile. Mwaka huohuo wa 1985 walichanganya lantani na grafiti, wakapiga na leza, wakaona alama ya kizimba chenye atomu ya lantani, na ile alama ilionekana kuwa ndani siyo nje. Mu 1991 kundi la Smalley likaleta namna ya kuandika: La@C82, na ile alama ni arobasi ya email, maana yake "ndani ya". Kwa hiyo jina la mradi wangu kwa kikemia ni CH4@C60, metani ndani ya C60. Nimeliandika na chaki mlangoni mwa chumba changu.

Maabara yetu ya shule iko na bekeri nne na mizani moja, kwa hiyo C60 sitaitengeneza. Nitafanya mambo mawili: modeli kubwa yenye watoto wataingiza mikono, na hesabu ya nani anaenea ndani na nani haenei. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano wa sayansi wanaanza sura ya kaboni baada ya wiki sita.

Wiki ya 2, Jumatano

Skeli. Nimehangaika nayo siku mbili, leo imekaa. Kaboni na jirani yake zimeachana kama nanomita 0.14. Nikisema nanomita 1 ni sentimita 50, basi kila kijiti ni sentimita 7, na mpira wote unakuja na upana wa kama sentimita 35, unakaa vizuri juu ya meza. Vijiti vinahitajika 90, juu kila kaboni iko na majirani watatu na kila kijiti kinagawanywa na kaboni mbili, 60 mara 3 gawanya kwa 2. Nimenunua vijiti vya mishikaki kwenye soko la Virunga, nikavikata.

Viungo vilikuwa shida. Gundi haishiki, waya inateleza. Nikaenda kwa papa mmoja mwenye anatengeneza chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) karibu na nyumbani, yule anavalisha magurudumu ya mbao mpira, nikamuonyesha mchoro wa kiungo chenye matundu matatu. Aliangalia muda mrefu akaniuliza: "Madamu, hivi vyote sitini vinafanana? Hakuna cha mwanzo wala cha mwisho?" Nikamwambia papa, hakuna, kila kimoja kiko mahali sawa na kingine. Akasema basi atatengeneza kiolezo kimoja na kukata vyote kwa hicho. Alishika kitu chenye kwenye vitabu wanakiita simetria, na alikishika kwa sekunde kumi. Kwenye C60 kaboni zote 60 ni sawa kabisa, ukipiga NMR ya kaboni (kipimo chenye kinaonyesha kila aina ya kaboni kwa mstari wake) unaona mstari mmoja tu.

Wiki ya 2, Jumamosi

Viungo 60 vimeisha. Tumejenga na mtoto kutoka saa nane mpaka giza. Sheria yetu: kila pembe tano izungukwe na pembe sita tu, zisigusane mbili. Ukikosea mara moja mpira hauji kufunga, unaachama. Tulikosea mara mbili.

Wiki ya 3, Jumanne

Hapa kuna jambo sikuwa nimelifikiria vizuri na naliandika kwa kirefu juu nadhani watu wengi wanalikosea. Ukiangalia modeli ya vijiti unaona uwazi mkubwa sana na matundu makubwa pembeni, unasema hata mkono unapita. Lakini kaboni si vijiti. Kila kaboni iko na wingu la elektroni lenye linaingia ndani kama nanomita 0.17. Upana wa kizimba kutoka kiini cha kaboni mpaka cha upande wa pili ni 0.71, ukitoa 0.17 huku na 0.17 kule unabaki na 0.37. Nusu tu. Na yale matundu ya pembe sita, wingu linayaziba yote.

Kwa hiyo nimetafuta sponji ya godoro la zamani, nikaikata unene wa sentimita 8 na nusu, nikavalisha ukuta wote kwa ndani. Uwazi uliobaki ni sentimita 18 na kitu. Halafu maputo! Kila mgeni, yaani atomu au molekuli ya kuwekwa ndani, nimempulizia puto lake na kupima na kamba ya fundi cherehani: heli mzunguko wa sentimita 40, neoni 43, argoni 53, kriptoni 56, metani 58 na kitu, zenoni 64. Tuliyapulizia humohumo ndani kupitia pembe sita moja yenye tumeacha bila sponji. Heli linacheza ndani, linaanguka huku na kule. Argoni linakaa limetulia. Metani linagusa sponji pande zote lakini bila kuibonyeza. Zenoni linabonyeza na vijiti vinalia.

Mtoto alikaa na lile la metani muda mrefu, anaweka sikio kwenye sponji. Kisha: "Shangazi, imeenea kama mtoto mu mgongo."

Wiki ya 3, Ijumaa usiku

Umeme umekatika tangu saa moja, naandika kwa simu yenye asilimia 22, kwa hiyo haraka.

Hesabu. Uzuri wa katikati ya C60 ni kwamba kaboni zote ziko umbali mmoja, nanomita 0.355, kwa hiyo huhitaji kompyuta, unahesabu mgeni na kaboni moja halafu unazidisha kwa 60. Natumia fomula ya Lennard-Jones: nishati = 60 × 4 × epsiloni × [(sigma/0.355) kwa kipeo cha 12 kutoa (sigma/0.355) kwa kipeo cha 6]. Sigma ni saizi ya wawili wakikaribiana, epsiloni ni nguvu ya kuvutana. Kipeo cha 12 ni kusukumana, cha 6 ni kuvutana.

Majibu yangu kwa kilojuli kwa moli, hasi maana yake mgeni anapenda kukaa: heli hasi 7.7, neoni hasi 15.4, argoni hasi 20.4, kriptoni hasi 10.3, zenoni chanya 85. Inapanda vizuri mpaka argoni halafu inaporomoka. Puto lilikuwa limeshaniambia hayo yote.

Wiki ya 3, Jumamosi

Metani imetoka chanya 3.4.

Nilihuzunika kidogo, nasema ukweli. Nikarudia mara tatu. Halafu nikajaribu kupunguza sigma kutoka 0.3565 mpaka 0.3515, yaani nanomita 0.005 tu, na jibu likageuka hasi 7. Kwa hiyo fomula yangu inasema metani iko palepale mpakani, na tena imeichukua kama mpira laini wakati kweli ni kaboni moja na mikono minne ya hidrojeni. Sitamlazimisha fomula kusema kitu chenye hawezi kukiona. Kitu najua ni kwamba watu wameshaiingiza: mwaka 2019, kundi la Richard Whitby kule Southampton, Uingereza, walipata CH4@C60, molekuli ya kwanza ya kiorganiki kufungiwa mu C60. Metani ileile ya kwetu ziwani, moja moja, kila moja mu chumba chake.

Wiki ya 4, Jumatatu

Leo nilileta modeli darasani kabla ya wakati, sikuweza kungoja. Nimeificha ile pembe sita iliyo wazi na sponji, nikawaonyesha puto ndani. Msichana mmoja wa nyuma, mwenye haongeagi, akanyanyua mkono: "Madamu, sasa ile gaz iliingilia wapi, nayo nyumba haina mlango?"

Njo swali lenyewe. Wanakemia duniani walikaa nalo miaka ishirini. Kuna njia kama tatu au nne, nitaziandika moja moja nikipata muda.

Wiki ya 4, Alhamisi

Nilitaka kuhesabu heli ikipita katikati ya pembe sita. Pale kaboni sita ziko umbali wa 0.14 tu. Fomula ikanipa karibu kilojuli 29,000 kwa moli. Ukivunja muungano mmoja wa kaboni na kaboni unatumia kama 350, kwa hiyo kwa nishati ile ungevunja miungano kama 80 kati ya 90 ya kizimba, karibu yote. Kosa liko wapi? Nimekaa nalo jana na leo. Kosa ni kipeo cha 12. Kiko vizuri pale wawili wanagusana kidogo, lakini ukiwabana sana kinakuwa ukuta mgumu kuliko ukuta wa kweli. Hesabu za kwantumu zenye wengine walifanya zinatoa kama kilokalori 200 kwa moli kwa heli kupita, yaani kilojuli kama 840. Nimefuta ukurasa ule na kuandika pembeni: Lennard-Jones ni ya kukaa ndani, si ya kupita mlangoni.

Lakini hata 840 ni kubwa mno, na hapa njo habari inakuwa tamu. Martin Saunders na wenzake pale Yale, mwaka 1993, walichukua C60 ya kawaida, ile inatengenezwa kwa kuunguza fito za grafiti na umeme ndani ya heli (njia ya Krätschmer na Huffman ya 1990), wakaipasha moto sana, na heli ikatoka. Kizimba kimoja mu 880,000 kilikuwa na heli ndani. Hakuna mtu aliiweka, ilifungiwa pale mpira ulipokuwa unajijenga, kama mtu aliyelala dukani wakati wa kufunga. Na moto uliohitajika kuitoa ulionyesha kizuizi cha kama kilokalori 80, chini kabisa ya ile 200. Kwa hiyo heli haikupita katikati ya pembe sita. Walichowaza ni dirisha: muungano mmoja au miwili inakatika kwa muda, ukuta unafunguka, mgeni anatoka, ukuta unajifunga tena.

Na kama dirisha linatoa, linaweza kuingiza. Wakaweka C60 kwenye heli ya presha ya karibu angahewa 3000 na joto la digrii 650, na kizimba kama kimoja mu 1000 kikapata mgeni. Wakafanya hivyo kwa heli, neoni, argoni, kriptoni na hata zenoni. Ile zenoni yangu ya chanya 85! Inaingia kwa shida, lakini inaingia.

Wiki ya 5, Jumapili

Mvua kubwa, siku nzima ndani. Njia nyingine.

Kuna ile ya kupiga. Berlin, mwaka 1996, walirushia C60 ayoni (atomu zenye chaji) za nitrojeni (sisi huku tunasema azoti) na chache zikaingia. Azoti peke yake ni kitu chenye fujo, ikikuta nyingine zinashikana palepale zinakuwa N2. Lakini ndani ya kizimba inakaa katikati, haigusi ukuta, elektroni zake tatu za pekee zinabaki huru kama hakuna mtu karibu. Nilipowaeleza darasani walidhani kwamba kila kitu kikiwa karibu na kaboni lazima kishikane nayo. Hapana. Kizimba hakishiki mgeni kwa mkono, kinamzungushia ukuta tu.

Kuna vya metali pia, lakini hivyo ni tabia nyingine kabisa, metali inawapa ukuta elektroni zake, na mara nyingi vinataka kizimba kikubwa, kama Sc3N@C80 ya 1999 (skandi tatu na azoti moja ndani). Vya gadolini vimechunguzwa kwa picha za MRI hospitali. Sitaingia huko, mradi wangu ni metani.

Wiki ya 5, Jumatano

Upasuaji. Nimeusoma mara nne na bado nasisimka.

Wajapani wa Kyoto, Koichi Komatsu na Yasujiro Murata, walisema badala ya kungoja dirisha lifunguke lenyewe, tufungue sisi, kwa kemia, hatua kwa hatua. Wakakata miungano mpaka wakapata mlango wenye ukingo wa atomu 13, moja kati ya hizo ni salfa. Wakaingiza hidrojeni kwa presha ya angahewa 800 na joto la 200, na karibu kila kizimba kikajaa. Halafu kazi ngumu ya kushona: kuitoa salfa kwa mwanga, kurudisha kaboni na kaboni, na mwisho kupasha moto wa 340 mpaka mpira ufunge wenyewe. Mwaka 2005 wakawa na H2@C60, C60 kamili bila kovu. Mwaka 2011 Kurotobi na Murata wakafanya hivyo kwa maji, presha angahewa 9000. Na 2016 Southampton wakaweka HF, asidi yenye inakula kioo, ikakaa ndani kimya.

Nilitaka darasa wahisi hizo presha. Chini kabisa ya Ziwa Kivu, mita 485, presha ni kama angahewa 50. Angahewa 800 ni ziwa lenye kina cha kilomita 8. Angahewa 9000 ni kilomita 90. Kijana mmoja akasema hiyo ni mpaka kwa moto wa Nyiragongo, wengine wakapiga makofi.

Na ile molekuli moja ya maji! Maji yote tunayajua yameshikana mikono, kila molekuli na jirani zake, njo maana maji ni maji. Ndani ya C60 kuna maji yasiyo na jirani. Inazunguka peke yake kama iko angani, hata kwenye baridi kali sana, na wanafizikia wanaiangalia wanaona maji ya namna mbili, orto na para, kulingana na namna viini vya hidrojeni vinavyoelekea, na wanapima moja ikigeuka kuwa nyingine. Sisi tunabeba bidoni za lita ishirini kutoka Kituku na kule mtu anasoma molekuli moja.

Wiki ya 6, Jumatatu

Swali la mazuku lilikuja, nilijua litakuja. Mwanafunzi anatoka upande wa Sake, kwao mbuzi wawili walikufa kwenye bonde asubuhi, ile kaboni dayoksidi nzito yenye inatoka ardhini na kulala mahali pa chini. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama mazuku nayo inaweza kufungiwa kwenye kizimba.

Nilihesabu naye ubaoni. CO2 ni fimbo. Kaboni katikati, oksijeni kila upande umbali wa 0.116. Kutoka oksijeni mpaka ukuta inabaki 0.355 kutoa 0.116, yaani 0.239, na oksijeni na kaboni bila kushikana zinataka kama 0.32. Imebanwa vibaya pande mbili. Nikamwambia kwa hesabu yetu haienei mu C60. Na nikamwambia pia kwamba hata ingeenea, hivi vizimba vinatengenezwa kwa miligramu, haviwezi kusafisha bonde. Kule mbuzi wasilale chini, njo dawa. Aliandika yote kwenye kaye yake.

Wiki ya 6, Ijumaa

Kutenganisha, kidogo tu. C60 ikiyeyushwa kwenye tolueni (kimiminiko cha kuyeyushia) ina rangi ya zambarau. Yenye mgeni na isiyo na mgeni zinafanana kwa nje karibu kabisa, kwa hiyo kuzitenganisha wanapitisha kwenye safu ya kromatografia tena na tena mpaka tofauti ndogo ya mwendo ionekane. Nimejaribu kuonyesha na wino wa biki na karatasi ya chujio, rangi zilitengana vizuri ila darasa la nyuma hawakuona. Nitarudia na karatasi kubwa.

Wiki ya 7, Jumamosi

Puto la metani limepungua usiku, limekuwa saizi ya neoni. Tulibadilisha.

Mtoto amekuja na jambo jipya. Anasema kama CO2 ni fimbo, basi tuirefushe nyumba. Sikuwa nimemwambia kwamba C70 ipo, amefika mwenyewe. C70 ni C60 iliyokatwa katikati na kuongezwa mkanda wa kaboni kumi, inakuwa ndefu kama yai, na Kyoto waliweka humo molekuli mbili za hidrojeni kwa pamoja. Tumeketi chini tukahesabu: pembe tano zinabaki 12, pembe sita zinakuwa 25, vijiti 105. Kwa hiyo tunahitaji vijiti 15 zaidi na viungo 10. Nimempigia papa wa chukudu, anasema kiolezo bado anacho, tupite kesho baada ya misa.